Skrubu ya Bawaba

Atuganile mwanangu,

Sikuandikii ili nikukumbushe chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu ukifika. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na kesho atayasema tena stendi ya Mbezi mpaka kondakta amwombe ashuke kwenye basi. Mimi nimebaki na jambo moja tu, na kama ningekuwa na ujasiri wa mtu mzima nisingehitaji karatasi. Mmekwenda Boko kumuaga shangazi yako, nyumba iko tupu, nami nimekaa hapa bandani katikati ya maspika ya watu, naandika, nafuta, naandika tena.

Ni habari ya lile gitaa jekundu la kwaya. Najua ukiliona neno hilo tu utataka kuikunja hii barua. Vumilia, ni mara ya mwisho nakuomba uvumilie kitu kwa ajili yangu.

Wiki iliyopita ulikuwa umekaa mezani unajaza fomu uliyotumiwa kutoka shule uliyopangiwa kufundisha huko Mpanda. Ulikuwa unaisoma kwa sauti ya mzaha, unamwigiza mkuu wa shule ambaye hata hujamwona. Ukafika palipoandikwa shughuli za ziada unazoweza kusimamia: michezo, muziki, usafi wa mazingira. Mama yako akasema, "Andika muziki, si ulikuwaga kwaya wewe?" Ukacheka. Ukanyoosha mikono yako miwili juu ya meza, ukasema, "Muziki mie? Kwa mikono hii? Muulize baba." Ukaandika usafi wa mazingira.

Nilikuwa nakunywa chai. Ndege ikapita juu ya bati, tukanyamaza wote watatu kama tunavyonyamaza siku zote hapa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, na mimi nikamshukuru Mungu kwa ile ndege. Ilipokwisha kupita mlikuwa mmeshahamia kwenye habari za godoro.

Muulize baba. Miaka tisa umekuwa ukisema hivyo. Binamu zako wakikuomba uwasuke, unasema mikono yangu mibovu, muulizeni baba. Ukiangusha kikombe, muulizeni baba. Watu wanacheka, nawe unacheka, umekuwa utani wa nyumba yetu. Mimi ndiye niliyeutunga huo utani, Atu, na nimekuwa nikiucheka pamoja nanyi huku nikijua ni uongo.

Sasa nimeshaandika. Hata ukiishia hapa, jambo lenyewe umelipata. Lakini nataka ujue lilivyokuwa, maana uongo nilikupa kwa ukamilifu na ukweli nao uupate kwa ukamilifu.

Itabidi nianzie Temeke. Nilipotoka Tukuyu sikujua hata kushika waya. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kombo, mtu wa mji huu huu, baba yake na babu yake wamezikwa hapa. Alikuwa akitengeneza redio, amplifaya na magitaa ya bendi za dansi. Alikuwa na mikono ya ajabu na roho ngumu. Alikuwa na sheria moja ambayo sisi wanafunzi wake tuliishika kuliko Amri Kumi: fundi hakosei mbele ya mteja. Chombo chochote kikiletwa, kabla hata ya kukifungua, unatikisa kichwa na kusema kwa masikitiko, "Nani alikufungulia hii?" Hapo mteja ananywea. Anaanza kujitetea, mara ni shemeji, mara ni fundi wa Buguruni. Ukishampata hapo, kitakachoharibika baadaye si chako.

Siku moja niliunguza redio ya mama mmoja muuza samaki. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliunga waya pasipostahili, moshi ukatoka. Mama alipokuja, Mzee Kombo akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, umeme wa kwako hauna adabu, umeshaiumiza hii redio siku nyingi." Yule mama akamshukuru. Akamshukuru, Atu, akaondoka amekumbatia redio iliyokufa! Nilikuwa na miaka ishirini, nikaona hiyo ndiyo akili. Nilipokuja kufungua banda hapa Kipawa nilikuja na bisibisi mbili na sentensi hiyo ya Mzee Kombo, na kusema kweli sentensi ndiyo iliyonilisha zaidi.

Simlaumu Mzee Kombo, alishatangulia mbele ya haki, na yeye hakuwahi kunilazimisha nimfanyie mwanangu hivyo. Alinifundisha kuwadanganya wateja. Kukudanganya wewe nilijiongezea mwenyewe.

Ulikuwa kidato cha pili. Kwaya ilikuwa imelipata lile gitaa, limetoka nje likiwa limeshatumika, na hapakuwa na mtu wa kupiga solo. Wewe ulikuwa umejifunza hapa bandani kwa kuiba, ukipiga magitaa ya wateja nikiwa nimetoka kufuata vifaa. Mama Rehema, mwalimu wa kwaya, alipokusikia alisema, "Huyu ndiye." Watu wengine waliguna, msichana na gitaa la umeme, lakini mama yule ukimgunia ndiyo kwanza unamwongezea mafuta. Nami nilijisikia vizuri mno. Nilitembea kwenda kanisani siku hizo kama mtu aliyenunua kiwanja.

Wiki ya tamasha Mama Rehema akaniletea gitaa, akasema nyuzi ziko juu sana, zinamuumiza mtoto vidole. Alikuwa sahihi. Gitaa la namna ile shingo yake haikugundishwa kwa gundi, imefungwa kwa nyuma na skrubu nne, kama mguu wa meza. Unaifungua, unaweka kipande chembamba cha boksi chini yake ili ikae vizuri, unaifunga. Kazi ya muda mfupi. Ila nilipoifungua nikakuta tundu moja limelika, skrubu inazunguka tu haing'ati. Kazi ya haki ni kulijaza tundu kwa kijiti na gundi ya mbao, kuliacha likauke mpaka kesho, halafu kutoboa upya. Kesho! Mimi siku ile nilikuwa na amplifaya ya watu wa harusi inanisubiri, na Mama Rehema amekaa kwenye benchi anajipepea kwa kitambaa.

Nikaingiza mkono kwenye kopo la skrubu. Nikatoa moja iliyokuwa ya bawaba ya lile kabati letu la zamani, nene kuliko zile nyingine na ndefu kidogo. Nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Ikaingia upande upande, na ilipokuwa inaingia ikaivuta shingo yote ikakaa upande. Si sana. Unene wa ukucha tu. Nikafunga nyuzi, nikatyuni, nikapiga G, nikapiga C, nikamwambia Mama Rehema, "Tayari, mama, linaimba lenyewe."

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye ujinga wangu. Shingo ikikaa upande, ukipiga karibu na kichwa cha gitaa hutaona kitu. Nyuzi pale ziko mahali pake. Tatizo linakuja kadiri mkono unavyosogea kuelekea kwenye kiwiliwili: uzi mwembamba unazidi kuukaribia ukingo wa shingo, na ukiubonyeza kule unateleza na kuanguka nje, unatoa sauti ya kukohoa. Mimi ni mpiga ridhim, gitaa la kusindikiza. Maisha yangu yote vidole vyangu vimeishi karibu na kichwa. Solo yako, ile uliyoitunga mwenyewe na miaka yako kumi na mitano, ilikuwa yote kule kwenye kiwiliwili. Nililijaribu gitaa mahali ninapopiga mimi. Sikulijaribu mahali unapopiga wewe.

Na uliniambia. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilikuwa nimekuja kwenye mazoezi kuwafungia maspika, ukanijia kwa heshima zako zote, ukasema, "Baba, uzi unakimbia."

Nikasema, "Uzi haukimbii, Atu. Vidole ndivyo vinavyokimbia."

Watu wakacheka, nami nikajiona mjanja. Siku ya pili ukasema, "Baba, shika basi mwenyewe ujaribu." Nikashika, nikapiga G, nikapiga C, nikakurudishia. "Unasikia? Gitaa zima." Siku ya tatu ulifungua tu mdomo, nami nikakupiga kwenye vifundo vya vidole kwa mpini wa bisibisi, mbele ya safu nzima ya soprano. Nikasema, "Usinisingizie." Nimelifikiria hilo neno miaka mingi. Usinisingizie, kama vile ulikuwa umenishtaki. Hukunishtaki. Ulisema uzi unakimbia, basi.

Siku ya tamasha unaikumbuka kuliko mimi, sitakusimulia yote. Kwaya ya wageni kutoka Boko walikuwa wamekaa mbele na sare zao. Uzi ulianguka mara ya kwanza ukaendelea. Mara ya pili ukaendelea. Mara ya tatu vijana wa nyuma wakaanza kucheka, na mara ya nne nikapanda jukwaani. Ningeweza kukaa. Ningeweza kukuacha umalize, wimbo ulikuwa umebakiza ubeti mmoja. Nikapanda, nikakuvua gitaa begani kama anayemvua mtoto shati lililochafuka, nikalivaa mimi, nikaupiga wimbo kwa ridhim, huko huko karibu na kichwa ambako halikuwa na tatizo lolote. Kina mama wakapiga vigelegele. Makofi hayo niliyapokea, Atu. Niliinamisha na kichwa.

Halafu wakati wa chakula, mwalimu wa kwaya ya Boko akaniuliza habari zako kwa wema tu, akasema binti ana kipaji. Nikamjibu, "Sauti anayo. Mikono hana." Nilipogeuka ulikuwa nyuma yangu umebeba sahani mbili za pilau, moja yangu.

Mpaka hapo nilikuwa mjinga mwenye kiburi, na wajinga wenye kiburi wamejaa mjini, wengine ni viongozi. Mpaka hapo ungeweza kunisamehe. Endelea kusoma.

Wiki mbili baadaye nililileta gitaa nyumbani kubadilisha nyuzi. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mteja, wewe uko shule. Nikajaribu kuipiga ile solo yako, maana ilikuwa imenikaa kichwani. Ilikuwa nzuri. Sijawahi kukwambia kwamba ilikuwa nzuri. Nikafika kule kwenye kiwiliwili, uzi ukaanguka. Nikasema ni nyuzi mpya. Nikarudia, ukaanguka. Nikarudia polepole, kidole kimoja kimoja, ukaanguka palepale ulipokuwa unakuangukia wewe. Nikalinyanyua gitaa usawa wa jicho kama seremala anavyochungulia ubao, nikaona. Uzi mnene uko mbali na ukingo, uzi mwembamba umeukalia ukingo. Mtoto wa darasa la pili angeona.

Nikaligeuza nyuma, na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukasema peke yake, "Nani alifungua hii?"

Skrubu tatu nyeupe na moja ya njano, ya bawaba ya kabati letu.

Nikuandikie nilivyolitengeneza, maana katika barua yote hii hicho ndicho kitu pekee chenye faida. Kama hakuna tundu lililolika, kazi ni rahisi: unalegeza nyuzi kidogo, huzivui. Unalegeza zile skrubu nne, kidogo tu, shingo ibaki imeshikwa lakini iweze kusogea. Unalilaza gitaa mapajani, unaivuta shingo taratibu upande inakotakiwa, huku unatazama nyuzi mbili za pembeni mpaka ziwe sawa na kingo zake. Halafu unakaza kwa kukatisha, hii halafu ile ya mshazari, usikaze moja mpaka mwisho kabla ya wenzake. Mimi kwanza nililing'oa lile dude la njano, nikajaza tundu kwa kijiti na gundi, nikaliacha likauke mpaka kesho yake. Ile kesho niliyoikataa mwanzo. Nikatoboa, nikafunga skrubu ya saizi yake, nikanyoosha. Ukiacha kusubiri gundi, hata chai yangu ilikuwa haijapoa. Halafu nikaipiga solo yako kutoka mwanzo mpaka mwisho, haikukohoa hata mara moja.

Jioni hiyo ulirudi kutoka shule ukapita hapa mlangoni, ukanipa shikamoo, ukaingia ndani. Gitaa lilikuwa mapajani kwangu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Marahaba, kuna ugali jikoni."

Jumatano nikalirudisha kwenye mazoezi. Mama Rehema akampa Gerson, aliyekuwa mpiga besi, ajaribu solo. Gerson akaipiga ile ile yako, maana wote mlikuwa mmeshaizoea. Ikatoka safi. Mama Rehema akasema kwa mshangao, "Kumbe gitaa halina neno, jamani."

Nikasema, "Ndiyo hivyo."

Ulikuwa safu ya pili, kati ya soprano. Nilikuona. Uliitazama mikono yako, ukaifungua, ukaifumba, ukaiweka nyuma ya sketi. Hukulia. Ningekuona umelia labda ningesema. Hapana, naongopa tena, nisingesema.

Ile haraka ya mwanzo ni kosa la kila fundi. Kiburi ni kosa la kila baba. Lakini ile "ndiyo hivyo" sijui niiite nini. Nilikuwa nimeushika ukweli mkononi, bado una harufu ya gundi, na nikauona unakukata, na nikaukalia.

Nilijipa sababu, usidhani sikuwa nazo. Nilisema atasahau. Nilisema ana mitihani, muziki ungempotezea muda, na ulipofaulu kidato cha nne nilithubutu kujipongeza moyoni. Mama yako aliniuliza, "Mbona mtoto hashiki tena gitaa?" Nikamwambia amekua. Mwaka wa kwanza ulipopita ikawa ngumu zaidi, maana sasa ningetakiwa kueleza na huo mwaka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena ina kivuli, na hakuna aliyenisumbua njiani. Kila mtu aliniamkia shikamoo fundi, shikamoo mzee, na heshima ile ilinishuka kooni vizuri tu.

Unakwenda kuwa mwalimu. Sina cha kukufundisha juu ya ualimu, nimeishia darasa la saba. Lakini siku mtoto atakuja mbele akwambie, mwalimu, hii rula haisomi vizuri, mwalimu, mimi sioni ubaoni, utakuwa umechoka, darasa litakuwa na watoto themanini, na jibu la kuwachekesha wenzake litakujia haraka ulimini. Mimi lilinijia haraka. Nenda ukakae kwenye dawati lake, utazame ubao kutoka pale anapotazamia yeye. Hata kama unajua anasingizia.

Na utakutana na watu wa sampuli yangu, huko kazini na kwingineko, labda hata mmoja akaja kukuposa. Watu wa sauti nzito, wenye chombo mkononi, wasiokosea mbele ya mteja. Ukisema uzi unakimbia, watakwambia ni vidole. Usianze kuitazama mikono yako. Ligeuze gitaa nyuma kwanza.

Juzi nilimweleza mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimamisha mkono mpaka nilipomaliza, halafu akausimamisha. "Miaka tisa, Baba Atu," akasema. "Mtoto analala chumba cha pili." Hajanisemesha vizuri tangu hapo, kama uliona chakula kinawekwa mezani bila neno, sababu ni hiyo, si safari yako. Jana ndipo aliponiambia, "Muandikie. Uiweke chini kabisa ya begi, aisome akiwa ameshafika. Mwache mtoto aondoke na amani."

Nimeifikiria hiyo amani, nikaona ni yangu. Wewe ungekuwa Mpanda, peke yako chumbani na godoro jipya, unasoma haya bila mtu wa kumrushia hata kiatu. Nami ningekuwa hapa nimeshajisafisha. Hata hiyo ni kazi ya Mzee Kombo, mteja akishaondoka na redio yake.

Sikukuwekea gitaa kwenye mizigo, ingawa nilifikiria. Kuna moja hapa bandani, zuri, mwenyewe hajarudi kulichukua tangu mwaka juzi. Ningekupa ungelazimika kusema asante.

Nilichofanya ni hiki. Leo mchana, mlipoondoka tu kwenda Boko, nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimwomba Mama Rehema dakika chache. Nikasimama mbele yao, wengi ni wapya, hawakujui hata jina, nikaeleza kama nilivyokueleza hapa: skrubu ya kabati, bisibisi, pilau, ile "ndiyo hivyo". Nilitaka niseme kabla hujaondoka, ili usije ukaambiwa na watu kwamba baba yako alikusafisha ukiwa umeshafika mbali. Mama Rehema alikaa chini. Kijana mmoja akacheka, akadhani ni ushuhuda wenye mwisho mzuri. Mzee wa kanisa akaniambia, "Mambo ya zamani hayo, fundi. Mungu ameshasamehe." Nikamwambia Mungu hakuwa mpiga solo.

Nilipotoka nje Gerson akanifuata. Ana mvi sasa, ana watoto watatu. Akasimama nami kwenye kivuli cha ukuta, akakohoa, akasema, "Fundi, mbona hilo mie nilijuaga siku ile ile? Nililigeuza nikaona ile skrubu ya njano haipo, imewekwa mpya, na shingo imenyooshwa."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukumwambia mtoto?"

Akanitazama kwa kushangaa kweli kweli, bila ubaya wowote. "Si baba yake ulikuwepo? Nilijua ulishamwambia usiku ule ule."

Nimetembea kutoka kanisani mpaka hapa na maneno hayo. Mtu wa besi, asiye ndugu, hakuweza hata kuwaza kwamba baba angekaa nalo. Alilala usingizi wake miaka yote akijua una baba.

Geti likilia nitakupa barua hii mkononi, mbele ya mama yako, kabla hujavua viatu. Usafiri ni alfajiri, kwa hiyo una jioni nzima. Nitakuwa hapa bandani na mlango wazi. Ukija, useme chochote, kwa sauti yoyote, majirani wasikie, sitakukatiza na sitakujibu na methali. Usipokuja, kesho nitabeba mabegi yako mpaka kwenye gari, na kama shikamoo itakushinda, pita tu. Sitaisubiri.

Siku ile hukukosea, Atu. Mikono yako haikuwa na kasoro yoyote. Nilijua, nikakuacha ukue ukiamini inayo.

Baba yako.